Redio ya upepo inazima nikibonyeza kuongea: je, imekufa?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Redio yetu ya upepo ni ya VHF, wati 45, na imo garini kwa zaidi ya miaka 15. Wenzetu tunawasikia vizuri tu. Shida ni pale ninapobonyeza kitufe ili niongee: taa ya kioo inafifia, na mara nyingine redio inajizima kisha inajiwasha yenyewe. Ikikubali, kituoni wanasema sauti yangu inakatika na nyuma yake kuna mlio kama wa mbu unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Halafu siku hizi hatufiki mbali kama zamani. Fundi wa umeme alipima kwenye plagi ya redio akakuta volti 12.6, akasema umeme upo wa kutosha, kwa hiyo redio yenyewe imekufa, tununue nyingine. Nikubali?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa kazi. Usinunue kitu kwanza. Dalili zote ulizozitaja zinaweza kutokea bila redio kuwa na kosa lolote ndani yake, na ile ya kwanza, ya taa kufifia pale pale unapobonyeza, karibu kila mara nimekuta chanzo chake kiko nje ya boksi: kwenye waya, kwenye fyuzi au kwenye ethi, yaani njia ya hasi inayorudi betri kupitia bodi. Ukifunga redio mpya juu ya nyaya zile zile, utarudi kuniuliza swali hili hili, na safari hiyo ukiwa na redio mpya inayozima. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu gari lako likikosa mawasiliano kuna mtu amelala nyuma anayeumia.

Fundi wako hakudanganya kuhusu zile volti 12.6. Alichokosea ni wakati wa kupima. Alipima redio ikiwa imetulia.

Redio inapopokea tu hula umeme kidogo sana, kama nusu ampea. Ukibonyeza, redio ya wati 45 inadai ampea 10 hivi kwa mkupuo, maana kurusha wati 45 hewani kunagharimu zaidi ya wati 100 kutoka kwenye betri. Zinazobaki ndizo joto unalolisikia ukigusa mapezi ya aluminiamu mgongoni mwake. Sasa chukulia kwamba njiani kuna mahali pamoja penye kutu panapouzuia umeme kwa omu 0.2. Wakati wa kupokea, nusu ampea ikipita hapo inapoteza volti 0.1, na hakuna atakayeliona hilo. Ukibonyeza, ampea 10 zikipita hapo hapo zinapoteza volti 2. Betri ya 12.6 inafika redioni ikiwa 10.6. Pakiwa na sehemu mbili za namna hiyo, moja upande wa chanya na moja upande wa hasi, umeshuka chini ya 9. Akili ya redio inakosa nguvu, inazima. Ikizima, mzigo umeondoka, volti zinarudi palepale, inawaka tena. Ukiwa bado umekandamiza kitufe, inazima tena. Ndiyo hali unayoiona.

Ndiyo maana pia kupima kwa omu hakusaidii hapa. Nyaya za mita zenyewe, ukizigusanisha ncha kwa ncha, zinaonyesha omu 0.2 au 0.3. Tatizo unalolitafuta ni dogo kuliko kosa la kifaa unachopimia. Lazima upime volti, na lazima upime wakati mzigo upo.

Kabla ya kuanza, jambo moja la adabu na usalama. Kila kipimo hapa chini kinahitaji ubonyeze kitufe, na ukibonyeza unaziba chaneli ambayo pengine gari jingine linaihitaji kwa mgonjwa. Ukiweza kuazima mzigo bandia, ule wa omu 50 unaofungwa mahali pa antena na kugeuza nguvu yote kuwa joto, utumie. Huna? Waarifu kituo kwamba unapima, hamia chaneli isiyo na shughuli mliyoruhusiwa, na usirushe zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Mtu yeyote asisimame karibu na antena wala kuigusa wakati unarusha. Wati 45 zinaunguza ngozi.

Sasa chukua mita ya kawaida, iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja. Mwombe mwenzako akae ndani abonyeze kitufe kila ukimwambia. Kwanza pima vichwa vya betri vyenyewe, injini ikiwa imezimwa: visishuke chini ya 12 mtu anaporusha. Vikishuka, betri imechoka, na kazi inaanzia hapo. Injini ikiwashwa unatarajia kati ya 13.5 na 14.5.

Kisha fanya kipimo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakibahatishi. Ncha moja ya mita iguse chanya ya betri, ncha ya pili iguse chanya kule kwenye plagi ya redio, nyuma yake kabisa. Ndiyo, chanya kwa chanya; utahitaji kuunga kipande cha waya mrefu ili mita ifike. Redio ikipokea mita itasoma karibu sifuri. Mwambie mwenzako abonyeze. Namba itakayotokea ndiyo volti zinazopotea kwenye njia ya chanya, bila kuhesabu kitu kingine chochote. Rudia kwa hasi: hasi ya betri kwa hasi ya redio. Njia nzuri inapoteza robo volti au pungufu kila upande. Ukiona volti nzima au zaidi, umempata adui. Kilichobaki ni kumfuata. Acha ncha moja kwenye betri, sogeza ya pili kutoka redioni ukirudi nyuma: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kwenye kiungo, kwenye kichwa cha waya. Mahali namba inaposhuka ghafla, ugonjwa upo kati ya hapo ulipogusa sasa na pale ulipogusa kabla yake.

Nakuambia mapema nitakapotafuta mimi kwanza: nyumba ya fyuzi ile ya plastiki inayofungwa katikati ya waya, karibu na betri. Hukaa kwenye joto la injini na maji ya kuoshea, na haifunguliwi mpaka siku ya shida. Ifungue uitazame vizuri mchana. Fyuzi yenyewe itakuwa nzima, uzi wake haujakatika, na ndiyo maana kila aliyeitazama aliipita. Tazama vikombe vya shaba vinavyoishika. Vikiwa vizima vinang'aa na vinabana. Fyuzi haitoki bila kuvutwa. Vikiwa vimechoka vimegeuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi, springi imelegea kwa joto, na plastiki ya upande mmoja imejikunja kama mshumaa uliowekwa juani. Niliwahi kuizungusha fyuzi ya namna hiyo kwa vidole viwili tu, unga wa kijani ukadondoka kiganjani. Ule unga ndio ulikuwa ukila volti mbili.

Niliijua nyumba ile ya fyuzi kwa njia ngumu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, nililetewa redio iliyozima kila ikirushwa, mimi nikaifungua moja kwa moja, nikabadilisha transista za mwisho za nguvu. Mezani kwangu ilifanya kazi vizuri, kwa sababu meza yangu ina umeme safi. Ikarudi garini, ikazima kama mwanzo. Mwenye gari alikuwa ameshalipia vipuri ambavyo redio yake haikuvihitaji, na nilimrudishia fedha zake. Tangu siku hiyo sifungui skrubu ya redio ya gari kabla sijaona namba za volti zikiwa na mzigo.

Ukibadilisha nyumba ya fyuzi, weka ya aina ya bapa iliyozibwa maji, karibu na betri kadiri inavyowezekana, na fyuzi yenye ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye redio, kwa kawaida 15 kwa redio ya nguvu hiyo. Usikubali mtu akuwekee ya 30 ili isisumbue, wala kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi inalinda waya unaopita chini ya zulia, mahali ambapo moto ukianza hutauona mapema. Na waya wenyewe ukiwa mwembamba, kutu haihitajiki ili volti zipotee: kwa umbali wa mita tano kutoka betri hadi redio, waya wa milimita mraba 2.5 utapoteza karibu robo tatu ya volti kwenda na kurudi ukipitisha ampea 10. Wa milimita mraba 6 unapoteza chini ya nusu ya hiyo. Mara nyingi nimekuta redio imechomekwa kwenye waya wa kiberiti cha sigara au wa redio ya muziki. Waya huo haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Redio ya upepo ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye betri.

Upande wa hasi una hatari ambayo ningependa uielewe vizuri. Kati ya betri, injini na bodi ya gari kuna nyaya nene za ethi, mara nyingi za kusukwa kama mkeka. Zikioza au nati yake ikilegea, umeme wa stata hautakosa njia. Utatafuta nyingine yoyote. Kama waya wa hasi wa redio yako umefungwa kwenye betri moja kwa moja na boksi la redio limegusa chuma cha bodi, basi siku hiyo mamia ya ampea za stata zitajaribu kupita kwenye waya wako mwembamba wa redio, au kwenye ngozi ya kebo ya antena. Nimeona kebo iliyoiva kuanzia redioni hadi kwenye paa kwa sababu ya nati moja ya ethi. Kwa hiyo pima pia hivi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, kaza na safisha ethi zote kabla ya jambo lingine lolote. Na kama gari lina kile kidude kilichofungwa juu ya kichwa cha hasi cha betri cha kupimia umeme unaoingia na kutoka, waya wa hasi wa redio usifungwe juu yake. Ufunge pale ethi ya betri inapokutana na bodi, la sivyo kompyuta ya gari haitajua umeme wa redio umeenda wapi na itachaji betri vibaya.

Iwapo gari lenu ni la volti 24, hakikisha kipunguza volti kina uwezo wa kutoa ampea 15 bila kupumzika. Kuna mafundi wanaounga redio ya 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Redio itafanya kazi, na betri hiyo moja itakufa mapema ikimburuta mwenzake.

Tukija kwenye mlio wa mbu. Mlio unaopanda na mzunguko wa injini unatoka kwenye alteneta, mashine inayochaji betri. Ndani yake kuna dayodi zinazonyoosha umeme, na umeme ule haunyooki kabisa. Una mawimbi madogo ambayo betri yenye afya huyameza. Mlio ukisikika kituoni, maana yake mawimbi hayo yameingia kwenye sauti yako kabla haijarushwa, na mlango wake mkubwa ni ile ile njia mbovu ya umeme tuliyokwisha kuizungumzia. Usikimbilie kufunga chujio. Tengeneza umeme na ethi kwanza, kisha sikiliza upya. Mara nyingi mlio huondoka wenyewe pamoja na kufifia kwa taa. Ukibaki, weka mita kwenye volti za umeme wa kubadilika, pima vichwa vya betri injini ikizunguka na taa kubwa zikiwaka. Ikizidi nusu volti, dayodi ya alteneta imekufa, na hiyo ni kazi ya fundi wa alteneta.

Hapo hapo niseme neno kuhusu kelele za kupokea, ingawa hukuziuliza, kwa sababu magari ya zamani siku hizi yanavalishwa vitu vipya. Taa za LED za bei nafuu na vichaji vya simu vinavyochomekwa kwenye kiberiti vina vikata umeme vya haraka ndani yake, na vinanyunyiza kelele pana kwenye mawimbi ya VHF. Hutasikia kelele yenyewe kwa sababu kizima kelele cha redio kinaifunika. Utakachogundua ni kwamba kituo cha mbali hakisikiki tena. Siku moja simama mahali ambapo kituo kinasikika kwa shida, zima kizima kelele, kisha chomoa kichaji, zima taa, ukisikiliza kila hatua. Ule mvumo ukibadilika ghafla, umeshajua ni nani.

Sasa umbali. Unasema mnawasikia vizuri lakini hamfiki mbali. Usichukue usikivu wenu kama ushahidi kwamba antena ni nzima. Kituo kina antena juu ya mlingoti. Sauti yake inawafikia hata kwa antena mbovu. Nyinyi mko chini, na kila wati mnayoipoteza inahesabika.

Anza kwa macho na mikono. Fungua antena kwenye kikalio chake juu ya paa. Kuna mpira mwembamba wa kuzuia maji chini yake. Kwenye gari la miaka 15 utaukuta umepasuka au haupo. Maji yakiingia pale hayakai juu. Ngozi ya kebo imesukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba, nayo inayanyonya maji kama utambi wa taa ya mafuta unavyonyonya mafuta, mita baada ya mita. Kata sentimita mbili za mwisho wa kebo utazame. Shaba yenye afya ina rangi ya shaba, au ya fedha kama imepakwa bati. Ukiikuta nyeusi, inavunjika ukiikunja, hakuna dawa. Badilisha kebo yote. Kukausha hakurudishi kitu.

Kebo iliyooza ina ulaghai mmoja ambao umewapoteza mafundi wengi. Kuna mita ya kupimia mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena, ile iliyoandikwa SWR. Ikisoma 1.5 au pungufu tunafurahi; ikisoma 2, asilimia 11 ya nguvu inarudi; ikisoma 3, asilimia 25 inarudi na redio nyingi hujipunguzia nguvu ili zisiungue. Lakini kebo inayokula nguvu inaila ikienda na inaila tena ikirudi, kwa hiyo kinachoifikia mita kutoka antena ni kidogo mno, na mita inasoma vizuri. Nimeshaona gari lililokuwa na SWR ya kupendeza kabisa, na wati 45 zilizotoka redioni zilifika juu ya paa zikiwa 10.

Namna ya kumkamata mwizi huyu ni kuondoa antena, ukaacha kebo wazi kule juu, kisha ukapima kutoka chini. Kifaa bora ni kile kichambuzi kidogo cha antena chenye betri yake, ambacho hakihitaji redio kabisa. Kama huna, weka redio kwenye nguvu yake ya chini kabisa na ubonyeze kwa sekunde moja tu, maana redio haipendi kurusha bila antena. Kebo nzima fupi ya gari itaonyesha SWR ya juu sana, 8 au zaidi, kwani nguvu yote inapaswa kurudi. Ikisoma 3 tu wakati juu hakuna kitu, nusu ya nguvu yako inapotea ndani ya kebo kwa safari ya kwenda peke yake. Kwa mita ya kawaida unaweza pia kuangalia kama kiini na ngozi ya kebo vimegusana, ila ujue antena nyingine zimetengenezwa na koili inayoviunganisha kwa makusudi. Pima kebo ikiwa imetolewa antena.

Halafu kuna urefu wa antena yenyewe. Robo ya wimbi kwa megahezi 150 ni sentimita 50, na kwa vitendo fimbo hukatwa kwenye 47 au 48. Kama miaka ya nyuma mlihamishiwa masafa (frikwensi) mengine na hakuna aliyegusa fimbo, imebaki na kipimo cha masafa ya zamani. Na robo ya wimbi inategemea chuma cha paa kuwa nusu yake ya pili: kikalio kilichofungwa juu ya rangi bila kugusa chuma, au kilichohamishiwa kwenye bampa ili kupisha taa ya king'ora, hakina mahali pa kukanyaga. Katikati ya paa, chuma kwa chuma, hakuna mahali panapozidi hapo.

Maikrofoni nitaipita haraka. Sauti inayokatika inaweza pia kutoka kwenye waya wake wa kujikunja, ambao hukatika ndani pale unapoingia kwenye mkono. Mwombe mtu wa kituo akusikilize wakati unahesabu moja hadi kumi ukiuchezesha waya huo taratibu. Namba zikipotea kila unapoukunja upande mmoja, umepata. Kitufe nacho huisha. Kikibonyezwa nusunusu redio inarusha na kuacha.

Ukimaliza hayo yote, umeme ukiwa safi, antena safi, maikrofoni nzima, na bado kuna shida, hapo ndipo redio inapaswa kufunguliwa, na afungue mtu mwenye vifaa. Miaka 15 ina alama zake ndani. Kapasita za maji, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, hukauka, au huvuja kimiminika kinachokula njia za shaba za ubao. Ukiziona zimevimba kichwani, au pasi ya risasi ikiigusa sehemu hiyo pakatoka harufu kama ya samaki, ni hizo. Zinaleta sauti hafifu, mvumo, au spika iliyokufa. Kuna redio zinazotunza chaneli kwa betri ndogo ya volti 3 iliyochomelewa ndani. Ikiisha, redio inasahau kila kitu, na watu wanadhani imeungua. Kristali inayoshika masafa nayo huhama kadiri inavyozeeka: kuhama kwa sehemu 5 katika milioni kwenye megahezi 150 ni hezi 750, kiasi cha kutosha kuifanya sauti iwe na mikwaruzo kwenye chaneli nyembamba.

Na upana huo wa chaneli uulizie. Redio za umri huo nyingi zilipangwa kwa chaneli za kilohezi 25, ambapo sauti inaruhusiwa kuyumbisha wimbi hadi kilohezi 5. Sehemu nyingi zimehamia 12.5, ambapo mwisho ni kilohezi 2.5; Marekani kwa mfano ililazimisha mabadiliko hayo kwa masafa ya megahezi 150 hadi 174 na 421 hadi 470 mwanzoni mwa 2013. Redio yako ikiwa bado imepangwa pana na wenzako wamehamia nyembamba, wao watakusikia ukipasuka na kukatika kwenye maneno ya nguvu, nawe utawasikia kwa sauti ya chini. Hapo hakuna kitu kilichoharibika. Ni mpangilio tu, na redio nyingi za umri huo zinaukubali.

Fundi wa mezani akikwambia "nimeipima, ni nzima" au "nimeipima, imekufa", mwombe namba nne aziandike: wati zinazotoka kwenye mzigo wa omu 50 kwa volti 13.8, hezi ngapi imehama kutoka kwenye masafa yake, kilohezi ngapi sauti inayumbisha, na mikrovolti ngapi inahitaji ili ipokee vizuri. Hiyo ya mwisho kwa redio nzima ya VHF huwa karibu 0.25 hadi 0.35. Ukiwa na namba hizo, hata fundi mwingine atakushauri bila kuiona redio.

Kuna hali ambazo nami ningesema iachwe. Ikiwa moduli ya nguvu imeungua na haitengenezwi tena, ile ya kuvuliwa kwenye redio nyingine iliyozeeka vilevile ni bahati nasibu, na gari la wagonjwa halifai kuendeshwa kwa bahati nasibu. Ikiwa kuipanga kunahitaji programu ya kompyuta za zamani zenye tundu la pini 9 na hakuna tena aliyenayo kwenu, siku mkibadilishiwa chaneli mtakwama. Ikiwa ubao umeliwa na kapasita zilizovuja mpaka njia za shaba zimekatika, usitumie fedha hapo. Hata katika hali hizo, nyaya, fyuzi, ethi na kebo utakazokuwa umezitengeneza sasa ndizo redio mpya itakazozikalia.

Kwa gari lako, anza na ile nyumba ya fyuzi karibu na betri, kisha kile kipimo cha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi huku mwenzako akibonyeza. Niandikie namba hizo mbili, na ya tatu ya vichwa vya betri wakati huo huo, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inazunguka. Nikizipata nitakuambia tuendelee na waya au tupande juu ya paa kwenye antena.